Akina Kabange Kumi na Mmoja na Programu Yangu ya Simu

Nitaisema mwenyewe, kwa sababu nimechoka kuisikia kwa wengine. Kila anayeisimulia hapa Kamina anaongeza chake, mmoja anasema nilikimbia mpaka kwenye reli, na juzi sokoni nilimsikia mwanamke mmoja akisema simu yangu ilitoa moshi, jambo ambalo ni uongo mtupu. Sikukimbia. Kulia, nililia kidogo, lakini nilikuwa nyuma ya magunia ambako hakuna aliyeniona (isipokuwa Yaya Mado, dada yetu mkubwa wa kazini, na Yaya Mado ni sawa na redio). Aibu ya siku ile ni yangu halali, niliitafuta kwa kidole changu mwenyewe, hiki cha kulia, kilipogusa neno moja kwenye kioo cha simu badala ya jingine.

Naitwa Solange. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi nikaishia hapo, naandika polepole, na kusema mbele za watu kunanishinda kabisa, hata kanisani nikipewa tangazo la kusoma, benchi la kwanza wananiambia niongeze sauti na benchi la nyuma wanaulizana kama nimeshaanza. Nafanya kazi kwenye depo ya Maman Béa karibu na stesheni. Mtu wa Lubumbashi au wa Luena akitaka kumtumia ndugu yake wa Kamina katoni au gunia, analipakia kwenye treni, na treni ikifika (ikifika! kuna nyakati tunaingoja mpaka tunasahau kwamba tunaingoja) sisi tunateremsha mizigo, tunaipanga kwa marundo, na wenyewe wanakuja kuchukua. Kazi yangu ilikuwa kuandika upya majina kwa mkaa kwenye magunia ambayo maandishi yake yamefutika njiani. Ni kazi isiyohitaji sauti. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye kiti cha dirishani, kiti cha mtu anayeshika rejista, ambacho kilikuwa kitupu tangu mzee aliyekikalia alipohamia Kolwezi kwa watoto wake. Maman Béa alikikalia yeye mwenyewe kwa muda, lakini macho yake hayaoni vizuri karibu, na mara mbili alisoma rejista kichwa chini.

Basi akaja Trésor. Trésor ni mtoto wa dada yake Maman Béa, alisomea kompyuta Lubumbashi, anavaa viatu vyenye ncha, na anamwita Maman Béa "tantine" kwa sauti tamu kama ya mtu anayeomba chai ya pili. Alimwambia rejista ya karatasi imepitwa na wakati, kwamba yeye atamtengenezea programu kwenye kompyuta, itajua kila mzigo uko rundo gani, umetoka wapi na ni wa nani, na kwamba yeye mwenyewe yuko tayari kukaa dirishani kuiendesha. Mimi nilikuwa pembeni na mkaa wangu, nikasikia kiti changu kinaondoka.

Nikainamia gunia langu. Aliyesema ni Yaya Mado, anayefunga na kufungua magunia, mwanamke ambaye hajawahi kufa na siri.

"Maman, hata Solange iko na programu yake mu telefone! Kila midi anaitengeneza, badala ya kukula."

Maman Béa alinigeukia. "Njo vile?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilitaka kumpiga Yaya Mado kwa gunia.

"Muzuri," akasema Maman Béa, ambaye anapenda mashindano kuliko chakula. "Treni ikifika, Trésor atagawa mizigo ya upande moja na mashini yake, Solange atagawa ya upande ingine na telefone yake. Mwenye atagawa mbio, bila kukosea, njo atakaa pa kiti. Mumesikia bote?"

Tulisikia wote. Trésor alitabasamu, akaniambia, "Bon courage, petite," na neno lile "petite", yaani mtoto mdogo, ndilo lililonimaliza. Tangu dakika ile nilikuwa na nia moja tu duniani, kile kiti.

Sasa msifikiri nilivamia kazi bila akili. Niliipima. Nilichukua daftari la watoto wa shule nikapiga mistari ya kusimama, nikaandika juu namna tatu za kutengeneza programu ambazo nilikuwa nimezijaribu au kuziona, na kwa kuwa majina yake yalikuwa marefu na ya kigeni nilizipa yangu. Ya kwanza niliiita Ya Mistari, ni ile ya kwenye simu yenye vyumba vingi vidogo kama ukurasa wa hesabu. Ni rahisi, hata mimi niliielewa kwa siku moja, lakini haina ukali, ukiandika "jana" mahali pa idadi ya magunia inapokea tu, haiulizi, kama mlinzi aliyelala. Ya pili niliiita Ya Trésor. Nilimwomba anionyeshe (kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno) na alinionyesha kwa furaha, maana alitaka niogope. Na kweli niliogopa. Ilikuwa na karatasi nzuri za kujaza, inakataa makosa, na kila mzigo unaoingia inaupa nambari yake yenyewe bila kumuuliza mtu. Lakini iko kwenye kompyuta moja tu, inataka umeme, na ukitaka kubadilisha hata herufi moja lazima umwite Trésor. Niliandika hayo yote. Ya tatu niliiita Ya Masanduku, unavuta kisanduku hiki hapa na kile pale kwa kidole, hakuna kuandika zile lugha za kompyuta, inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na simu mbili zinaweza kuona orodha moja. Ubaya wake ni mmoja, nao niliuandika chini kabisa kwa herufi ndogo: unachoiambia, inakuamini.

Nikachagua Ya Masanduku. Na hata leo mkiniuliza, kwa mji ambao umeme unakuja kama mgeni, nitawaambia kwamba sikuchagua vibaya. Niliharibu baadaye.

Nilipoanza kuijenga, programu iliniuliza swali moja: kati ya vyumba hivi ulivyoweka (jina, mahali mzigo ulipotoka, rundo, aina ya mzigo, simu ya mwenyewe), kipi ndicho kisichofanana kwa watu wawili? Maana kwa hicho ndicho itakachowatambua. Nilikuwa nimetazama video ya mwalimu mmoja wa mambo haya, naye alisema wazi, akarudia, tumieni nambari. Nambari ya mzigo au nambari ya simu. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina la mama yangu.

Lakini nambari ya mzigo maana yake ningempa kila mteja nambari, na nimweleze, na yeye aulize ni ya nini, na nimweleze tena. Na nambari ya simu maana yake ningesimama pale dirishani, foleni nzima inasikiliza, nimwambie papa mzima mwenye mvi, "Papa, nambari yenu?" na yeye aseme "Unasema nini?" na mimi nirudie kwa nguvu, na watu wageuke. Nilijiona nikifanya hivyo mara hamsini kwa siku moja. Mikono ilitoka jasho pale pale nilipokuwa nimekaa, peke yangu, na hakukuwa na mtu hata mmoja mbele yangu.

Jina limeshaandikwa kwenye gunia. Jina halihitaji kuulizwa. Nikagusa "jina".

Nikaijaribu. Niliingiza watu wa nyumbani kwetu wote, baba, mama, kaka zangu, mimi, na shangazi wa Luena, kila mmoja na gunia lake la uongo, nikawatafuta mmoja mmoja na simu ikawapata wote. Nilifurahi hata nikala chakula cha mchana. Jambo ambalo sikulifikiri, mimi mtoto wa Kiluba niliyezaliwa hapa hapa, ni kwamba nyumbani kwetu hakuna mapacha.

Kwa asiyejua: sisi Baluba, mapacha wakizaliwa hatukai kufikiri majina. Anayetoka kwanza ni Kyungu, anayemfuata ni Kabange, awe wa kiume, awe wa kike, na ndivyo ilivyo kwa kila nyumba. Sasa hesabuni wenyewe nyumba za Kamina. Na mtu anayetuma katoni kutoka Lubumbashi haandiki majina matatu kama kwenye kitambulisho, anachukua kalamu nene anaandika KABANGE, KAMINA, basi, kwa sababu kwake yeye kuna Kabange mmoja tu duniani.

Treni ilifika siku ya Alhamisi asubuhi. Tulipanga mizigo nusu kwa nusu, ya Trésor ukuta wa kulia, yangu ukuta wa kushoto. Niliingiza mizigo yangu kwenye simu nikitembea kati ya marundo, na kila nikimaliza mmoja simu inaonyesha alama ya kijani, na kila kijani moyo unapanda. Mizigo yangu nilikuwa nimeihesabu kwa macho yangu, hamsini na miwili. Nilipomaliza simu iliandika chini: thelathini na tisa. Niliitazama ile thelathini na tisa. Nikajiambia (mnicheke tu) kwamba simu ni ya zamani, labda bado inahesabu, itafika.

Haikuwa inahesabu. Kila nilipoingiza Kabange mpya, ilikuwa inasema moyoni mwake, aa, huyu namjua, inamfuta wa zamani na kumwandika wa sasa juu yake. Akina Kyungu nao hivyo hivyo. Na kila mara kijani.

Watu walijaa. Ilipofunguliwa milango Trésor alianza vizuri, viatu vyake viking'aa chini ya meza, lakini mashine yake ilikuwa imefundishwa mjini. Ilitaka nom, ilitaka postnom, ilitaka prénom, na bila majina yote matatu haiandiki kwamba mzigo umetoka. Mama mmoja aliyekuja kuchukua gunia la samaki wakavu la mkwe wake alisema jina moja, Trésor akamwomba la pili na la tatu.

"Ya mukwe wangu? Minyi namuitaka Tata Mukwe," akasema yule mama. "Unataka nimutaje majina yake yote hapa mbele ya bantu? Unanitafutia laana?"

Foleni yake ikacheka, Trésor akafuta jasho, na alipokuwa bado anabishana na yule mama, umeme ukakatika, na betri ya kompyuta yake, ambayo alikuwa ameiringia asubuhi nzima kwa kuwaonyesha vijana picha, ikadumu kidogo kisha kioo kikawa cheusi.

Mimi nilikuwa naenda kama baiskeli kwenye mteremko. Mtu anasema jina, naandika, simu inasema rundo la pili, Yaya Mado anatoa, mtu anaweka sahihi, nagusa "imetolewa", anayefuata. Sikuhitaji kusema hata neno. Watu wa foleni ya Trésor wakaanza kuhamia kwangu ingawa mizigo yao haikuwa yangu. Maman Béa alisimama mlangoni mikono kiunoni, akasema, "Eeh, Solange!" na nilihisi ule ubao wa kiti chini yangu, kwa kweli niliuhisi.

Akaja mwanamke wa Base, yaani kambi ya jeshi, mke wa askari, mwenye nywele ndefu za kununua na kitenge cha njano. Akasema anaitwa Kabange. Simu ikasema: Kabange, rundo la nne, katoni moja, Lubumbashi. Yaya Mado akamletea katoni, akaweka sahihi, akapanda pikipiki akaenda zake. Nikagusa "imetolewa".

Watu watatu baada yake akafika Papa Kabange. Huyu mnapaswa kumjua. Alifanya kazi ya reli miaka mingi, sasa amestaafu, ni shemasi kanisani kwetu, na alipita mlangoni watu wakimpisha bila kuombwa.

Niliandika jina. Simu ikasema: imetolewa.

Hapa ndipo mtu mwenye kinywa angeuliza. Papa, mzigo wenu ulitoka kwa nani? Ni katoni au ni gunia? Maneno hayo hayafiki kumi. Mimi nilimgeuzia simu aisome mwenyewe, na alipoikazia macho bila miwani nikasema, kwa ile sauti yangu ndogo, "Papa, yenu mulisha kukamata," yaani wenu mmeshauchukua.

"Nini?"

Nikaongeza sauti, na kwa bahati mbaya siku ile sauti ilitoka. "Mulisha kukamata!"

Foleni nzima ikageuka.

"Minyi?" akasema Papa Kabange. "Minyi niko nafika sasa hivi, mavumbi ingali mu miguu! Solange, mutoto wa Papa Ngoie, unaniita mwizi mbele ya bantu?"

"Hapana, papa, si mimi, ni telefone..."

"Telefone inaniita mwizi?"

Nyuma yake akajitokeza mwanamke na mtoto mgongoni. "Na minyi Kabange. Angalia yangu." Nikaangalia. Imetolewa. Kijana mmoja wa kuuza mafuta ya taa, naye Kabange. Imetolewa. Mtu wa nne hakungoja hata niandike. "Basi bakina Kabange bote tulisha kukamata? Lini? Mu ndoto?"

Hapo ningesema nimekosea, mambo yangeishia hapo. Lakini niliona Trésor amesimama kwenye meza yake iliyokufa ananitazama, na nikakiona kiti, na nikaamua kwamba sishindwi. Nikagusa "rudisha". Simu ikasema tena, kwa uaminifu wake wote: Kabange, rundo la nne, katoni moja. Nikakimbia mwenyewe kwenye rundo la nne, nikakuta katoni imeandikwa KABANGE, nikaibeba mpaka kwa Papa Kabange na kuiweka mbele yake kwa mikono miwili, nikamwinamia.

"Mutuhurumie, papa. Iko hii."

Papa Kabange hakuwa tena mtu wa kuamini. Alitangaza kwamba anangoja pedali na mnyororo wa baiskeli kutoka kwa mtoto wake wa kiume. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akakata kamba pale pale mbele ya wote, akaingiza mkono ndani ya katoni, na alipoutoa alikuwa ameshika nywele. Ndefu. Nyekundu kidogo. Akazivuta na zikaendelea kutoka, na kutoka, mpaka zikafika magotini mwake, na shemasi wetu akabaki amesimama nazo kama mtu aliyemkamata mnyama asiyemjua.

Sijui nani alicheka kwanza. Najua nani alicheka zaidi.

"Papa Kabange!" akapiga kelele Yaya Mado, machozi yanamtoka. "Muvae tuone! Jumapili munakuya nazo ku misa!"

"Njo baiskeli ya sasa hii," akasema yule kijana wa mafuta ya taa.

Hata Papa Kabange mdomo ulimcheza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa. Ilinijia yote kwa mara moja, ile thelathini na tisa, kijani juu ya kijani, video ya mwalimu, kidole changu. Nilielewa pia kwamba yule mke wa askari amekwenda Base na pedali za Papa Kabange, na kwamba nywele hizi ni zake.

Maman Béa akapita katikati ya watu. Akapanda juu ya mzani wa magunia akapiga makofi mawili.

"Bakina Kabange bote, mikono juu!"

Mikono ikapanda. Wawili, watano, wanane. Mmoja aliyekuwa nje ananunua karanga akaingia ameinua mkono na karanga zake. Nikahesabu kumi, na nikimwongeza yule wa Base, kumi na mmoja.

"Kumi na moja," akasema Maman Béa, akanigeukia. "Na mu telefone yako biko ngapi?"

Nikasema. Hakuna aliyesikia.

"Sema!"

"Moja, maman."

Pale ndipo niliposhuka nyuma ya magunia, nikakaa kwa muda ambao Yaya Mado anasema ni saa nzima lakini haukuwa hata robo. Nililia, nikajifuta kwa kitambaa chenye mkaa (kwa hiyo nilipotoka nilikuwa na masharubu, hakuna aliyeniambia mpaka jioni). Lakini kule nyuma, katikati ya kulia, nilikuwa naangalia simu, nikaona kwamba orodha ya majina imeharibika lakini mizigo yenyewe haijaenda popote, iko pale mbele yangu, na wenyewe wako pale mbele yangu, na kitu pekee kinachokosekana kati yao ni mtu wa kuuliza. Nikachukua chaki ya kuandikia uzito. Nikatoka.

Niliandika nambari kwenye kila mzigo wenye jina la Kabange, kubwa, kwa chaki. Kisha nikasimama mbele ya watu wale, nikaanza na mama mwenye mtoto.

"Mama, nani alikutumia?"

"Eh?"

"NANI ALIKUTUMIA?"

"Dada yangu, wa Luena. Gunia ya makala na sabuni. Usinipigie kelele, minyi si kiziwi."

Gunia la makaa na sabuni, nambari sita. Anayefuata. Niliuliza watu tisa maswali matatu kila mmoja, na akina Kyungu wanne juu yake, na sauti yangu ilikuwa inapasuka kama ya mvulana anayebalehe, lakini haikukatika. Trésor alikuja akasimama karibu yangu. Nilidhani amekuja kucheka. Akashika daftari akaanza kuandika nambari na simu za watu nilizokuwa nazitaja, kisha akasema chini chini, "Yangu inatoa nambari yenyewe, hiyo iko muzuri. Lakini majina matatu... tantine ataniua." Nilimpa chaki ya pili.

Mchana nilipanda pikipiki mpaka Base na zile nywele, Papa Kabange akiwa kwenye pikipiki ya pili nyuma yangu, kwa sababu alisema hamwachii tena mtu yeyote anayemfananisha na mtu mwingine. Yule mke wa askari alikuwa ameketi nje ya nyumba na katoni iliyofunguliwa, pedali moja mkononi.

"Leki," akaniambia, yaani mdogo wangu, kwa kuwa ni mtu wa Lingala, "nilikuwa nawaza, hii bantu ya Lubumbashi banataka nisuke wateja wangu na nini? Na munyororo?"

Nilimwambia kosa ni langu, tena nilimwambia kwa sauti iliyosikika bila kurudia. Alipokuwa akiniuliza ilikuwaje, Papa Kabange alimwuliza kama naye ni pacha, akasema ndiyo, ingawa yeye si Mluba, jina alipewa na bibi mzaa mama ambaye alikuwa wa huku, na wakaanza kuulizana Kyungu wake yuko wapi, na wa huyu yuko wapi, na mimi nikasahauliwa nimesimama kwenye jua nikishika nywele.

Jioni Maman Béa alitutangazia uamuzi. Trésor atakaa dirishani, kwa sababu mashine yake hata ikiwa na kichwa kigumu haijampa mtu mzigo wa mtu. Majina mawili ayatoe, abaki na moja.

"Na weye, Solange," akasema, "kuanzia treni inakuya, utasimama hapa mbele ya foleni na chaki. Kila muntu anaingia, unamuuliza: nani alikutumia, nini iko ndani, nambari yako ya telefone. Kwa sauti. Nataka nikusikie mpaka mu jikoni yangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi niliyechagua jina ili nisiulize watu nambari, sasa kazi yangu yote ni kuuliza watu nambari, na kiti ninakiona kila siku kutoka mbele, Trésor akiwa juu yake na viatu vyake. Iliniuma, sitaficha. Iliniuma wiki mbili. Lakini programu yangu sikuifuta. Nimeijenga upya kuanzia chini, sasa inawatambua watu kwa nambari ya simu, na wale wasio na simu inawapa nambari ya chaki, na nimeijaribu na akina Kabange wote kumi na mmoja wa kweli na imewashika wote, hakuna anayemfuta mwenzake. Nimemwambia Maman Béa kwamba umeme ukikatika tena nipewe dakika kumi tu, atazame. Hajakubali. Hajakataa pia. Kila treni inayoingia namwambia tena, na sasa ananisikia hata akiwa jikoni.

Watu wa foleni wamenipa jina, wananiita Kabange wa kumi na mbili. Aliyelianzisha ni Papa Kabange mwenyewe, na hachoki nalo. Juzi alikuja kuchukua gunia, akanisalimia hivyo mbele ya wote, akatabasamu, akataka kupita.

"Papa, nambari yenu?"

"Solange! Unanijua tangu unazaliwa! Nani katika Kamina yote hii hanijui?"

"Ninawajua, papa," nikamwambia, na chaki ilikuwa tayari mkononi. "Nambari."

Akaitaja yote, tarakimu moja moja, akinung'unika, na mimi nikaiandika. Sitakaa tena nimruhusu mtu apite kwa jina tupu, hata awe shemasi, hata awe mama yangu mzazi, hata koo likauke.